Kuhusu ile voisi inayozunguka, sikilizeni na upande wangu

Wale mnaonitumia ile voisi mkiuliza "kaka, huyu ni wewe?", ndiyo, ni mimi. Naomba msinitumie tena, ninayo. Ninayo kutoka kwa watu wa ofisini, ninayo kutoka kwa fundi wangu cherehani, na jana usiku imenifikia kutoka kwa mzee mmoja wa mtaani ambaye sikujua hata kama ana simu ya tachi. Kaiambatanisha na maneno, "Pole sana kijana, maradhi hayachagui."

Aliyeirekodi ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, kijana wa chuo anayelala sebuleni kwangu, anayekula kwangu, na anayetumia intaneti yangu kunisambaza. Alianzia kwenye grupu la ukoo wao, ikalishinda grupu, ikatoka. Kasimulia vizuri yaliyonikuta kwenye jumba la sinema, sikatai, mtoto ana kipaji. Lakini mengine kayapamba. Hakuna mahali niliposimama juu ya kiti. Miguu ilinyanyuka, basi. Na sikulia. Mimi kiyoyozi kikinipiga usoni macho hutoa maji, waulizeni niliosoma nao.

Haya, kaeni mkao wa kula.

Mama mkwe yuko kwangu. Kaja kwa ajili ya Sabasaba, maana wakwe wa mikoani wanaijua ratiba ya nchi hii kuliko sisi tunaoishi hapa. Ni mama wa Tanga, mstaarabu wa kupindukia. Akitaka chumvi mezani anaiomba kwa adabu mpaka wewe uliye karibu na chumvi unajiona umekosa malezi. Tangu nimuoe binti yake sijawahi kukaa naye kochi moja. Yeye akiingia sebuleni, mimi nakumbuka kuna kitu nimekisahau nje. Namwamkia nikiangalia zulia. Ndivyo nilivyolelewa, na wenye wakwe mnanielewa. Nyie wa "mimi na mama mkwe ni washkaji" endeleeni tu, yatawakuta.

Sasa juzi tumemaliza kula, mama akasema, bila kumlenga mtu, "Siku hizi hapa mjini majumba ya sinema bado yapo?"

Wanaojua lugha ya wakwe wanajua hilo si swali. Hilo ni agizo limevaa mtandio.

Kumbe mama ujana wake alikuwa mtu wa Majestic, jumba la sinema la pale pale Tanga. Sholay kaiona akiwa msichana, saa tatu na ushee za Kihindi kitupu, hakuna mkalimani, na ukumbi mzima unalia kwa pamoja. Mpaka leo akimtaja Gabbar Singh anakunja uso, utadhani jambazi yule alimdhulumu yeye binafsi kiwanja. Mimi kwa kiherehere nikajitosa. Nikamwambia mama, ipo moja mpya, A Quiet Place: Day One, anacheza mtoto wa huku huku kwetu Afrika Mashariki, Lupita Nyong'o.

"Yule binti wa gavana wa Kisumu?"

Mama anajua kila kitu. Huko Tanga sijui wanasoma nini.

Mke wangu akanivuta jikoni. "Hiyo si ile ya majini? Mama ana presha, unajua." Nikamwambia, tena kwa kinywa kipana, mkono nimeshika kiuno, kwamba zile mbili za mwanzo nimeziangalia zote, kwenye televisheni yetu hii hii, na ni vurugu tu na vichekesho. Hakuna cha kumpandisha mtu presha mle. Akaniangalia kwa muda. Akasema, "Utanirudishia mama yangu kama nilivyokupa."

Hapa inabidi niwaeleze nimeziangaliaje, la sivyo mtanihukumu bure.

Zote mbili nilizichukua kwa kijana wa muvi hapo mtaani, yule wa kukuwekea kwenye flashi kwa mia tano mia tano. Na mimi muvi nachukua za kutafsiriwa. Nimekulia kwenye kibanda umiza, kile cha kuonyeshea video mtaani, benchi la ubao, turubai dirishani, jasho la watu wazima, na sauti ya mtafsiri Lufufu ikipasua spika. Wa rika langu mnakumbuka. Lufufu hakuwa anatafsiri, alikuwa anatengeneza muvi upya juu ya ile ya Wazungu, na ya kwake ndiyo ilikuwa nzuri. Wakenya wana DJ Afro wao, wanaelewa ninachosema. Kwa mtu aliyelelewa hivyo, muvi isiyo na wa kukuelezea ni wali mkavu.

Hata hizi za mwaka 2024 nilienda nazo hivyo hivyo. Godzilla na Kong nimeiona nyumbani, na kwa kweli mnaiponda bure, labda kwa sababu mmeiona ya Kiingereza. Kwenye kopi yangu Kong anadaiwa kodi ya nyumba ya miezi sita, ndiyo maana ana hasira vile, na kila kitu kinaeleweka. Dune ya pili nilijitia usomi nikaiangalia bila tafsiri. Saa mbili na dakika arobaini na sita. Mchanga, mchanga, Zendaya kanuna, nikalala, nikaamka, bado mchanga. Wanasema ni kazi kubwa sana ya sanaa. Sawa. Lakini mtafsiri wetu angeikata ikabaki saa moja na nusu na wote tungejua nani anamdai nani.

Turudi kwenye hii. A Quiet Place ya kwanza ni ya 2018. Kwa asiyeijua, kuna viumbe wameshuka duniani, macho hawana, lakini masikio yao ni balaa. Ukidondosha kijiko, umekwisha. Familia moja inaishi kwa ishara tu, inatembea peku juu ya mchanga ili isisikike. Binti yao ni kiziwi, na msichana anayemwigiza, Millicent Simmonds, ni kiziwi kweli. Mama mjamzito anakanyaga msumari kwenye ngazi na hathubutu kusema hata "aa". Uchungu wa kuzaa unamshika yumo kwenye beseni la kuogea, mdomo kaufunga. Dakika tisini, watu wameshikilia pumzi.

Hayo yote nimeyajua Jumapili usiku, kwa kusoma. Maana kwenye kopi yangu hakukuwa na ukimya wa hata sekunde moja!

Jamaa aliyetafsiri alijaza kila tundu. Familia inanyata kwenye mchanga, yeye, "Mzee huyoo anaongoza msafara, nyuma mama na mimba yake, jamani mimba na vita wapi na wapi!" Msumari ulipozama, alipiga ukelele yeye kwa niaba ya yule mama mpaka jirani yangu akagonga ukuta. Katikati ya kujifungua akasalimia wateja wake wa Mbagala na kutaja namba ya simu, mara mbili, polepole, ili watu waandike. Kwa hiyo kichwani mwangu ile ilikuwa muvi yenye kelele kuliko zote nilizowahi kuziona. Hilo jina la ukimya nilidhani ni utani wa Wazungu.

Ndiyo mnaelewa sasa nilienda vitani na ramani gani.

Jumamosi jioni, mke wangu kabaki na mtoto, tukapanda bajaji mimi, mama na shemeji. Njia nzima namwelezea mama muvi ilivyo. Nilikaa mbele na dereva, kwa heshima, kwa hiyo nilikuwa napiga kelele kugeukia nyuma. Nikamwambia, "Mama ukiona unaogopa, niambie tu, tutatoka." Mama akasema, "Ahsante, mwanangu." Hilo neno lake mtalikumbuka baadaye.

Ukaaji niliupanga kitaalamu. Mama mwanzo, shemeji katikati, mimi mwisho. Shemeji awe ukuta. Lakini shemeji akabaki kwenye foleni ya bisi akiongea na binti mmoja, taa zikazimwa, mama akawa anahangaika na namba za viti, mhudumu mwenye tochi akaja akamwambia kwa adabu, "Mama, cha kwako ni hiki hapa," akamsogeza. Ubavuni mwangu. Shemeji aliporudi akakaa upande ule mwingine. Nikamwonyesha kwa macho tubadilishane, akajifanya haoni gizani.

Kati ya kiti changu na cha mama kulikuwa na mkono mmoja wa kiti. Niliuacha wote. Niliegemea upande wa kulia mpaka kijana wa kule, aliyekuja na mchumba wake, akaanza kusogea naye. Na mfuko wa ndani wa koti nilikuwa na pakiti mbili za krispi za muhogo. Ndiyo, mlangoni kuna bango kubwa kwamba chakula cha nje hakiruhusiwi. Ndiyo, nimelisoma. Mmeona bei ya bisi za pale lakini?

Muvi ikaanza vizuri. New York, magari, honi, watu. Wanakuandikia kabisa mwanzoni kwamba mji ule una wastani wa desibeli 90, sawa na mtu anayepiga kelele bila kupumzika. Nikajisemea, mambo si hayo. Lupita ni mgonjwa, ana saratani, anaishi kwenye nyumba ya wagonjwa nje ya mji, ana paka, na mdomo wake mchungu. Mama akawa anatikisa kichwa kwa huruma. Mara vitu vikaanza kudondoka kutoka angani, moshi, milipuko, watu wanakimbia. Mimi niko nyumbani kabisa. Hapo hata Lufufu angepumua.

Kisha Lupita anazinduka. Yupo ndani ya ukumbi wa maonyesho na watu wengine. Anataka kusema kitu, na Djimon Hounsou, yule Mbenini mwenye mabega, anamziba mdomo kwa kiganja.

Kimya.

Nikasubiri. Kimya. Nikatazama spika ya ukutani. Kimya. Kwa mtu wa kibanda umiza ukimya una maana mbili tu, waya umechomoka au umeme umekatika, na umeme haukuwa umekatika kwa sababu picha naiona. Nikageuka nyuma, watu wametulia tu, wanatazama. Nikawaonea huruma. Nikasema moyoni, hawa watu wa mjini wanaona aibu kudai haki yao.

Nikavuta pumzi, nikaweka viganja mdomoni, "OYAA FUNDI, SAUTI!"

Nataka mpate picha. Kwenye skrini kuna mtu kamziba mwenzake mdomo ili wasife. Ukumbi mzima, vichwa vyote, vimegeuka kunitazama mimi. Kijana wa kulia akaniinamia akanong'ona kwa upole ule unaotumia kwa mgonjwa, "Braza, ndiyo muvi yenyewe." Mama alikohoa kidogo. Kule upande wa pili nikaona mabega ya shemeji yanacheza.

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Lakini aibu hukausha koo, na koo langu likikauka nataka kutafuna kitu. Nikaingiza mkono kwenye koti.

Wanaotengeneza ile nailoni ya krispi Mungu anawaona. Ukiigusa tu, kra. Nikaacha. Nikasubiri. Kwenye skrini Lupita ananyata barabarani, vumbi jeupe limefunika kila kitu, mimi navuta pakiti milimita kwa milimita. Kra. Safu ya mbele mtu akasema "sssh". Nikajipanga, nikasema nitaifungua kwa mkupuo mmoja ili maumivu yawe mafupi. KRRRAAAP. Mchumba wa yule kijana akasema, "Jamani." Lakini ilikuwa imefunguka. Nikachukua krispi moja, nikaiweka mdomoni, na hapo ndipo nikagundua kwamba siwezi kuitafuna.

Nikailaza juu ya ulimi ilowe. Basi, nikatulia. Mikono nimekumbatia pakiti kifuani, mdomoni nina kipande cha muhogo kinalainika taratibu kwa mate, pembeni yangu mama wa mke wangu ananukia udi. Nikaanza hata kufuatilia muvi. Nikasema nimeshavuka.

Hamjambo mnaosoma mkiwa ofisini? Tulieni, tumefika.

Kuna mahali ngazi za kushukia treni ya chini ya ardhi zimejaa maji. Maji meusi, yametulia, hayana hata mkunjo. Yule paka yuko pale, kimya kama kawaida yake. Yanatazamwa maji. Mimi nayatazama. Mama anayatazama. Ukumbi hakuna anayehema. Krispi imeshalowa nusu. Nikaona kiputo kimoja. Nikajiambia, ni kiputo tu. Nikakaza vidole vya miguu ndani ya viatu.

Maji yakapasuka.

Mimi sijui mwili wa binadamu umetengenezwaje. Najua tu kwamba mikono yangu ilifunguka bila kuniuliza, na ile pakiti ikapaa. Niliiona kwa macho yangu, kwenye mwanga wa skrini, inapanda, inajigeuza taratibu, krispi zinatoka moja moja, nzuri, za rangi ya dhahabu, zinakwenda safu ya mbele, ambako kulikuwa na mzee mwenye kipara kisafi sana. Moja ilitua juu ya kipara ikakaa. Ile ya mdomoni sijui ilikokwenda mpaka leo.

Na sauti ikatoka. Mnajua Mswahili akishtuka anasema nini. Akikanyaga nyoka, akiungua mafuta, akiona makato ya mshahara, neno ni lile lile. Halimlengi mtu. Ni la kutolea pumzi tu.

"MAMAAAAAAA!"

Likazunguka ukumbi mzima, likagonga kuta, likarudi.

Sasa pembeni yangu ameketi mwanamke wa Tanga, aliyelelewa kwamba ukiitwa hata na mtoto mdogo huachi kuitikia. Na ukumbini ni kimya, kimya cha filamu nzima iliyotengenezwa kwa ajili ya kimya. Nikasikia ile sauti yake ya chini, tamu, haina haraka,

"Abee, mwanangu?"

Hakuna aliyecheka papo hapo. Palikuwa na kama pumzi moja hivi ya ukumbi mzima kuhakikisha kwamba wamesikia walichokisikia. Kisha wakapasuka. Si kucheka huku kwa kawaida. Watu walikuwa wanapiga viti. Mchumba wa yule kijana alitoka nje kabisa, sijui kama alirudi.

Na katika kicheko hicho ndipo fahamu zikanirudia kipande kipande. Nikagundua kwanza giza limezidi. Kisha nikagundua giza lenyewe ni kitambaa. Kisha nikagundua kitambaa ni mtandio. Uso wangu ulikuwa begani kwa mama mkwe, na mikono yangu yote miwili imemkumbatia mkono wake, bangili zake zimenichora shavuni. Mkono wa mkwe wangu! Mimi, ambaye chumvi tu huwa namsogezea kwa kupitia mtu wa tatu. Na miguu, sawa, miguu ilikuwa juu ya kiti, lakini kukunja miguu na kusimama juu ya kiti ni vitu viwili tofauti, shemeji.

Mama kwa ule mkono uliobaki huru akawa ananipigapiga mgongoni. "Basi, baba. Basi. Ni mtu tu huyo, ameloa."

Nikafungua jicho moja. Na kweli. Hakuwa jini. Alikuwa Joseph Quinn, kijana wa watu, ndani ya suti, anatafuta hewa. Kwenye muvi yenyewe ni Mwingereza aliyekuja kusomea sheria. Nimepiga ukunga mbele ya mkwe wangu na nusu ya Dar es Salaam kwa sababu ya mwanafunzi wa sheria.

Ningeweza kuishia hapo nikasema nimeaibika nikaenda nyumbani. Lakini mbele kuna mahali Lupita na yule kijana wamejificha nyumbani kwa Lupita, mvua inanyesha, na wote wawili wamejaa uchungu wanataka kupiga kelele. Wanafanyaje? Wanasubiri radi. Radi ikipiga, ndipo wanapiga kelele, maana viumbe hawatawasikia. Nasikia ni moja ya sehemu nzuri kabisa za filamu ile. Mimi sikuionja, kwa sababu ukumbi nao ulikuwa umegundua matumizi ya radi. Ya kwanza ilipopiga, safu ya nyuma kabisa wakapaza, "MAMAAAA!" Na safu za katikati, kwa pamoja, kwaya iliyofanya mazoezi, "ABEEE!" Radi ya pili, hivyo hivyo. Ya tatu nikasikia na sauti ya shemeji, tena anaimba sauti ya pili.

Mwisho wa muvi siwaharibii, kwa kuwa sikuuona. Nilikuwa nimejifunika koti.

Yaliyofuata ni haya kwa haraka, maana hayana utamu. Mhudumu alikuja na tochi, akamulika sakafu, akamulika krispi, akamulika mimi, akaondoka bila kusema neno, na ningependa angesema. Taa zilipowaka mzee wa kipara akaja mpaka kwenye safu yetu. Nikajua leo nalipa. Akanipita kabisa mimi, akamwambia mama, "Shikamoo mama, mwanao hajambo sasa?" Mama akasema hajambo, ni uchovu tu wa Sabasaba. Nje kuna watoto walinifuata mpaka kwenye bajaji.

Ndani ya bajaji mama akatoa tathmini yake, na nawaandikia kwa kuwa ni bora kuliko ya wachambuzi wengi. Kwanza, paka hakuna wa hivyo. Paka wake wa Tanga ukichelewesha dagaa kwa dakika tano mtaa mzima unajua, huyu dunia imekwisha na hatoi hata nyau. Pili, Lupita kamkubali. "Watu wote wanakwenda kusini kupanda boti, yeye anakwenda kaskazini kutafuta pitsa. Anajua anachokitaka yule." Tatu, yale majini hayamfikii Gabbar Singh hata kwa kisigino. Mimi nilikuwa nasoma kwenye simu ili nisionekane usoni, nikakuta kwamba Lupita alikuwa anaogopa paka kabisa, kazi ile ikamtoa woga, na baadaye akachukua paka wa kwake akamfuga. Nikataka kuwasomea. Nikaona nikianza habari za woga, shemeji atapata pa kuingilia.

Kufika nyumbani mke wangu yuko mlangoni na mashine ya presha mkononi. Voisi ilikuwa imetangulia. Akampima mama, iko sawa, hata kuliko asubuhi. Akanigeukia. Nikasema mimi wa nini? Akanivalisha lile kanda kwa nguvu. Ikasoma 158 kwa 96. Sasa natakiwa kupunguza chumvi, na chumvi imehamishiwa upande wa mama mezani, kwa hiyo nikiitaka inabidi nimwombe yeye. Na nikisema tu "mama", kabla sijamaliza, kuna mtu sebuleni anaitikia.

Mama anaondoka Ijumaa kwa basi la asubuhi. Kabla ya hapo kasema anataka kuona ile mpya ya Will Smith na Martin Lawrence, kwa kuwa kaambiwa ile ina kelele na "itamfaa mwanangu". Tiketi zimeshakatwa, Alhamisi saa moja usiku, yangu ni kiti cha pembeni yake, kachagua mwenyewe. Ninayo hapa, naiuza nusu bei, na ukija na shuka la kujifunika nakupa bure. Wewe shemeji usiulize, hukusudiwi.